Mtoto Mchezevu

Mtoto wa miaka 3 anakiita kijiko "mjomba" na kukiuliza habari za shamba. Mwongozo mmoja wa malezi unamwita "mtoto mwenye kupenda michezo". Kila Mswahili atakayeyasoma maneno hayo atamwona mtoto huyo uwanjani, amevaa jezi. Kamati iliyopitisha tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "playful" haikujisomea kwa sauti.

Waliotaka kurekebisha wakachagua "-a mzaha" au "-tundu". Mzaha tuliupata kwa Waarabu, nasi tukautilia onyo: mzaha mzaha hutunga usaha. Utundu nao ni neno la kukaripia. Mtoto yule amekosa nini?

Nilipendekeza -chezevu. Kikaoni nikajibiwa kwamba halimo kamusini, na mjadala ukafungwa. Jibu hilo nalikataa mpaka leo, maana istilahi hutafutwa pale ambapo kamusi imenyamaza.

Kiswahili kina kiambishi tamati -vu, pengine -fu, kinachofanya kitenzi kiwe hulka. Tulia imezaa -tulivu, sikia -sikivu, danganya -danganyifu, changamka -changamfu. Msikivu ni mtu ambaye kusikia ndiyo tabia yake, hata akiwa kimya peke yake. Legea ikatoa -legevu. Chezea, kwa njia ileile, inatoa -chezevu. Mpinzani wangu mmoja anadai chezea inanuka hila, kwa kuwa husemwa fulani kamchezea mwenzake. Mbona watoto huchezea mchanga na maji, na hila haimo? Wengine wanataka -chezaji, lakini mchezaji tayari ana timu na namba mgongoni.

Na mzizi wenyewe ni mpana. Tunacheza bao, tunacheza karata, tunacheza ngoma. Mombasa wanasema kuteza, na mchezo kwao ni mtezo. Warumi walikuwa na ludus, neno lililobeba mchezo na pia shule ya watoto wadogo. Mwaka 1938 Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alilichukua tawi la mzizi huo wa Kilatini akakiita kitabu chake Homo Ludens, akishikilia kwamba utamaduni huzaliwa ndani ya mchezo. Dhana kubwa hivyo haienei katika "michezo" ya kurasa za mwisho za magazeti. Katika cheza inaenea.

Matumizi ni mepesi: mtoto mchezevu, kitabu kichezevu, lugha chezevu, nomino yake, uchezevu.

Wahariri wa vitabu vya chekechea, nawasihi: katika toleo lijalo futeni "mwenye kupenda michezo", mwandike "mchezevu".