Viza ya mume au mke: Muda na gharama zinazomsubiri mkazi wa Kwale

NDOA baina ya Mkenya na mgeni yaweza kufungwa katika pwani ya kusini kwa muda wa wiki chache. Kibali cha kumwezesha Mkenya huyo kumfuata mwenzake ng'ambo ni suala la miezi mingi, na mara nyingine miaka. Tofauti hiyo ndiyo huwashtua wengi, kwani hudhani kuwa cheti cha ndoa ndicho tiketi yenyewe. Sivyo. Cheti cha ndoa humpa mtu nafasi ya kuomba tu.

Makala haya yanamlenga hasa mkazi wa Samburu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi baina ya Mariakani na Mackinnon Road, katika Kaunti ya Kwale, wala si kaunti ya kaskazini yenye jina hilo. Vijana wa hapo, wengi wao Waduruma, huteremka Ukunda na Diani kutafuta kazi katika mahoteli yaliyojengwa ufuoni tangu utalii ulipopamba moto miaka ya 1970. Huko ndiko baadhi yao hukutana na Wajerumani, Waswisi na Waingereza ambao baadaye huwa waume au wake zao. (Tunaandika viza, si visa. Visa ni wingi wa kisa, ingawa katika suala hili mawili hayo hayaachani mbali.)

Mambo huanza Kwale, si ubalozini

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa safari ya viza huanza Nairobi. Huanza kwenye cheti cha kuzaliwa. Watu wengi wa Kinango na Samburu walizaliwa nyumbani, na vyeti vyao vilichukuliwa miaka mingi baadaye, mara nyingi wakati wa kujiandikisha kwa mtihani wa shule au wa kuomba kitambulisho. Karani aliyesikia jina kwa sikio la bara aliliandika alivyolisikia. Nyadzua akawa Nyanzua, Dzombo akawa Ndzombo, na jina la babu likawekwa mahali pa jina la baba. Kijijini hakuna anayejali. Afisa wa ubalozi hujali, kwa sababu kwake majina mawili ni watu wawili.

Kwa hiyo karatasi zipangwe kwa mfuatano: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, kisha cheti cha ndoa. Tofauti ndogo ya tahajia huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti kubwa huhitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Marekebisho hayo yafanywe kabla ya harusi. Jina likishaingia kwa makosa katika cheti cha ndoa, kazi huwa maradufu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa ndoa ya kiserikali, notisi ya siku 21 hutolewa kwa msajili, na mgeni hutakiwa kuleta cheti cha kwao kinachothibitisha kuwa hana pingamizi la kuoa au kuolewa. Miongoni mwa Wadigo wa Diani na Msambweni, ambao wengi ni Waislamu, nikahi husomwa msikitini na watu wakatosheka. Ubalozi hautosheki. Ndoa hiyo ni lazima isajiliwe na cheti rasmi kitolewe, la sivyo mbele ya afisa wa viza wawili hao ni wapenzi tu.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo watu hulipitia juu juu. Kijana aliyepeleka mahari na tembo la mnazi kwa wazazi wa msichana, wakaishi pamoja, ana mke wa kimila hata kama hakuna karatasi. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya 2014, aliye katika ndoa inayoruhusu wake wengi hawezi kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine kabla ya kuivunja ile ya kwanza. Akitia sahihi mbele ya msajili kwamba hajaoa, amesema uongo chini ya kiapo, na ndoa yake ya pili ina ufa tangu siku ya kwanza. Nayo Ujerumani, sawa na Uingereza, haimpokei mke wa pili wakati wa kwanza anaishi huko na mume. Mke aliyeachwa Samburu na watoto huwa hatajwi katika fomu hizi, lakini wanaotumwa kuchunguza humpata bila taabu.

Ujerumani: Lugha kwanza

Kwa viwango vya ada, Ujerumani ni nafuu. Ada ya kawaida ya viza ya kitaifa ni yuro 75, na mwenzi wa raia wa Ujerumani huwa hatozwi. Aidha, anayemfuata mwenzi ambaye ni raia wa Ujerumani kwa kawaida hatakiwi kuonyesha kwamba mwenzi huyo ana mshahara wa kiasi fulani. Mzigo uko kwingine.

Tangu Agosti 28, 2007, mwenzi anayeomba kuhamia huko sharti awe na umri wa miaka 18 na aonyeshe cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha kumwezesha kujitambulisha, kuuliza njia na kujaza fomu nyepesi. Mtihani hufanywa katika taasisi ya Goethe jijini Nairobi. Kwa aliyeacha shule darasa la nane na ambaye Kijerumani chake ni cha kuuza vinyago ufuoni, A1 si mchezo. Anajua kusema lakini hajui kuandika. Huacha kazi ya Diani, hupanga chumba Nairobi au Mombasa, hulipa karo kwa miezi kadhaa, na asipofaulu hurudia. Gharama hiyo haimo katika orodha yoyote ya ubalozi, ilhali kwa wengi ndiyo kubwa kuliko zote.

Sheria hiyo ina kichekesho chake. Mduruma aliyeolewa na Mwitaliano anayefanya kazi Munich hafanyi mtihani huo, kwa kuwa mumewe anatumia haki ya raia wa Umoja wa Ulaya ya kuishi popote ndani ya umoja huo. Aliyeolewa na Mjerumani wa mtaa uo huo ndiye anayeambiwa asome. Hata hivyo, mnamo Septemba 2012 mahakama kuu ya masuala ya utawala nchini humo iliamua kwamba mwenzi wa raia wa Ujerumani asizuiliwe ikiwa juhudi zake za kujifunza kwa mwaka mmoja hazikufua dafu, au ikiwa haiwezekani kwake kusoma katika hali aliyomo. Anayetaka kuutegemea uamuzi huo aweke kila risiti ya karo na kila matokeo ya mtihani, hata yale mabaya.

Baada ya lugha huja uchunguzi wa hati. Ujerumani haithibitishi hati za Kenya kwa muhuri wa kawaida. Humtuma wakili anayeaminiwa na ubalozi kwenda kwa msajili, shuleni, kwa chifu, na hata nyumbani kuulizia. Uchunguzi huo huchukua miezi na gharama yake hulipwa na mwombaji. Hapo ndipo ile Nyanzua na Nyadzua hufufuka. Kisha faili hupelekwa kwa afisi ya wageni ya mji anakoishi mwenzi, ambayo nayo ni lazima ikubali. Faili moja hivyo basi huwa na mabwana wawili, mmoja Nairobi na mwingine Ulaya, na kila mmoja akiulizwa huelekeza kidole kwa mwenzake. Anayepanga vyema ahesabu mwaka mzima tangu siku ya kuanza masomo.

Wenye mtoto wana njia nyingine. Mtoto wa raia wa Ujerumani kwa kawaida huwa raia wa huko kwa kuzaliwa, hata akizaliwa katika hospitali ya Msambweni, na mzazi wake Mkenya anayemlea huweza kuomba viza kama mzazi bila kuulizwa cheti cha A1. Ikiwa wazazi hawakuoana na baba ndiye Mjerumani, sharti kwanza amtambue mtoto kisheria.

Uingereza: Fedha mbele

Uingereza huuliza mshahara. Julai 2012 iliweka kiwango cha chini cha mapato ya mwenzi aliye huko kuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 11, 2024 kiwango kikapandishwa hadi pauni 29,000. Mpango wa kukifikisha pauni 38,700 ulisitishwa baada ya serikali kubadilika mwaka huohuo.

Athari yake kwa Diani ni ya moja kwa moja. Wengi wa wenzi wa Kiingereza wa huko ni wastaafu, na pensheni kamili ya serikali yao ilikuwa takribani pauni 12,000 kwa mwaka wa 2025. Asiye na pensheni nyingine au kodi ya nyumba hafiki. Njia ya akiba ipo, lakini anayeitegemea peke yake alihitaji kuonyesha pauni 88,500 zilizokaa benki. Mwenye kupokea ruzuku fulani za ulemavu au za kumtunza mlemavu husamehewa kiwango hicho.

Ada zenyewe, kwa viwango vya Aprili 2025, zilikuwa pauni 1,938 kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza, na juu yake pauni 1,035 za huduma ya afya kwa kila mwaka. Viza ya kwanza ya miezi 33 hutozwa miaka 3, yaani pauni 3,105, ambazo hulipwa zote kwa mkupuo. Jumla ni pauni 5,043, zaidi ya Sh800,000, kabla ya nauli. Ombi likikataliwa, fedha za afya hurudishwa, ada hairudi. Baadaye kuna kuongeza muda na hatimaye kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5. Kwa viwango hivyo vya 2025, safari yote iligharimu karibu pauni 12,000, sawa na takribani Sh2 milioni. Kuna mashamba Kinango yasiyofikia bei hiyo.

Zaidi ya hayo, mwombaji kutoka Kenya hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6 tu. Hufanya pia mtihani wa Kiingereza wa A1, ingawa Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za Kenya. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa lugha hiyo ndiye husamehewa. Kuhusu muda, lengo la wiki 12 lililozoeleka liliongezwa hadi wiki 24 mnamo 2022, maafisa walipoelekezwa kwenye maombi ya Waukreni. Vita vya mbali vilimkawiza mke wa Ukunda.

Marekani haina wenyeji wengi kwenye fuo hizi, kwa hiyo tuseme kwa ufupi: kwa ada zilizoanza Aprili 2024, ombi la mwenzi, viza, ukaguzi wa dhamana na ada ya kadi vilifikia takribani dola 1,355, bila kuhesabu daktari. Mume au mke wa raia hana foleni ya idadi. Wa mwenye ukaazi tu anayo.

Mahojiano na madalali

Umri ukitofautiana kwa miaka 30, maswali huwa mengi. Ujerumani wakati mwingine huwahoji wanandoa siku moja, mmoja Nairobi na mwingine kwao, kisha majibu hulinganishwa: nani alipika siku ya harusi, mwenzako analala upande gani, mama mkwe anaitwa nani. Walioana kwa dhati hujibu bila kukariri, ila hukwama kwenye tarehe. Kwa hiyo wahifadhi picha, tiketi za ndege, jumbe za simu, na taarifa za M-Pesa na za benki tangu siku za mwanzo.

Ndipo huingia madalali, ambao huahidi kupunguza muda kwa bei. Hakuna dalali anayeweza kufanya hivyo. Anachoweza ni kuuza cheti bandia cha lugha au barua bandia ya benki, na anayenaswa kwa udanganyifu huo katika ombi la Uingereza huweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Wengine hushauriwa waende kwanza kwa viza ya utalii, wabaki. Mgeni wa Uingereza haruhusiwi kubadilisha viza hiyo kuwa ya mwenzi akiwa huko, na Ujerumani kwa kawaida humtaka arudi Nairobi aombe upya.

Hata baada ya kufika, kibali huendelea kutegemea ndoa. Ujerumani iliongeza mwaka 2011 muda wa kuishi pamoja kabla ya mtu kupata haki yake mwenyewe ya kukaa, kutoka miaka 2 hadi 3. Anayepigwa au kunyanyaswa na mwenzi anaweza kupewa haki hiyo kabla ya muda huo, na ni muhimu mtu ayajue hayo kabla ya kupanda ndege, maana akishafika huenda anayemtegemea kwa habari ni yuleyule anayempiga.

Wapo wanandoa wanaohesabu yote haya na kuamua kubaki. Mgeni aliyeoa au kuolewa na Mkenya huweza kuomba pasi ya mtegemezi, na Katiba ya 2010 inamruhusu kuomba uraia baada ya ndoa kudumu angalau miaka 7, awe mume au mke. Katiba ya awali iliwapa wake pekee nafasi hiyo. Hadi apate uraia, hawezi kumiliki ardhi ya Diani au ya Samburu isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.