Enugu: Mji wa Makaa ya Mawe na Damu ya Bonde la Iva

Tarehe 18 Novemba 1949, katika Bonde la Iva lililo karibu na mji wa Enugu, mashariki ya Nigeria, askari polisi waliwafyatulia risasi wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakidai ujira wao. Wakafa watu 21, na wengine 51 wakajeruhiwa. Kadhia hii haifahamiki sawasawa ila kwa kuitazama kwanza asili ya mji wenyewe, maana Enugu ni mji ulioanzishwa kwa ajili ya makaa.

Mwaka 1909 wapimaji wa madini walioongozwa na Mwingereza Albert Kitson walivumbua makaa katika vilima vya Udi. Mwaka 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, na makaa ya kutoka Uingereza yakiwa adimu baharini, mgodi wa kwanza ulifunguliwa hapo. Na mwaka 1916 reli ikaunganisha Enugu na Port Harcourt, bandari mpya iliyojengwa makusudi kwa shehena hiyo. Ama wafanyakazi wa mwanzo, wengi wao hawakuja kwa hiari: serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaagiza machifu iliowaweka yenyewe wapeleke vijana migodini, na mashuhuri miongoni mwa machifu hao alikuwa Onyeama wa Eke, ambaye jina lake liliwatia hofu watu wake kwa muda mrefu.

Kazi yenyewe ilikuwa na mashaka makubwa. Migodi ya Enugu iliingiwa kwa miguu kupitia njia zilizochongwa ubavuni mwa kilima, na mchimbaji akisha kufika penye tabaka la makaa, huinama au hujilaza ubavu, akapiga sururu katika giza linalopasuliwa na mwanga wa taa yake tu, huku maji yakimdondokea. Nyuma yake wako wanaopakia makaa katika vigari vya reli na kuvisukuma hadi nje, na wako mafundi wanaosimamisha nguzo za miti ili kuzuia dari lisiwaporomokee wote.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, makaa hayo yalizidi kuhitajiwa, nayo serikali ikaharimisha migomo kwa sheria za vita, ilhali bei za vyakula zilipanda na ujira ukabaki nyuma. Katika dhiki hiyo ndipo chama cha wachimbaji kilipopata nguvu chini ya katibu wake, Okwudili Ojiyi, aliyekuwa mwalimu, na ndipo walipojifunza mgomo wa taratibu, yaani kwenda kazini kama ada bali mikono ikapunguza kasi. Wala adha hiyo haikuwa ya Enugu peke yake: mwaka 1945 wafanyakazi wa reli na wa serikali waligoma Nigeria nzima kwa sababu ya ughali wa maisha.

Novemba 1949 wachimbaji waliurudia mgomo huo wa taratibu, wakidai malimbikizo ya ujira na nyongeza. Wakubwa wa migodi waliwaachisha kazi baadhi yao, na wenzao wakakataa kuondoka migodini, wakichelea kufungiwa nje. Serikali, iliyokuwa na tashwishi kwamba baruti za migodini zitaangukia mikononi mwa wanasiasa wenye siasa kali, ilituma polisi kuziondoa. Walipofika Iva waliwakuta wachimbaji wakiimba na kurukaruka, baadhi yao wamejifunga vitambaa vyekundu. Kwao vitambaa hivyo vilikuwa alama ya umoja, lakini afisa wa polisi F. S. Philip aliviona kuwa dalili ya vita, akaamuru risasi zipigwe.

Habari ilipoenea, ghasia zilizuka Aba, Port Harcourt, Onitsha na Calabar, na wanasiasa waliokuwa wakihasimiana wakaungana kwa muda kuilaani dhulma hiyo. Hata tume iliyoongozwa na William Fitzgerald, iliyoteuliwa na Waingereza wenyewe, ilikiri mwaka 1950 kwamba watawala walikosea kuifanya kadhia ya kazi kuwa fitina ya siasa.

Baadaye mji huo ulifikwa na vita mlangoni pake. Tarehe 30 Mei 1967 ulifanywa makao makuu ya Biafra, dola ya mashariki iliyojitenga na Nigeria, na mwezi Oktoba mwaka uo huo ukatekwa na majeshi ya serikali ya Nigeria. Hivyo Tanzania ilipoitambua Biafra, Aprili 1968, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, Enugu ilikuwa imekwisha kuanguka. Vita vilisimamisha uchimbaji, maji yakajaa migodini, na hata baada ya amani ya 1970 makaa hayakuirudia hadhi yake, maana treni ziligeukia dizeli na nchi ikategemea mafuta ya petroli.

Waliotawala Enugu waliyathamini makaa kuliko walioyachimba, na hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa msiba. Mchimbaji aliyedai haki ya jasho lake hakuwa adui wa dola yoyote. Lau watawala wangalimsikiliza kabla ya kumpelekea askari, watu 21 wa Bonde la Iva wangalirudi majumbani kwao siku ile. Na kila serikali iliyo na wafanyakazi, hata leo, yapaswa kuufahamu ukweli huo.