OG: kikosi kilichokutana na waliokihama

Leo tuziweke kando seva na hifadhidata, tuongee michezo. Si kandanda, ni Dota 2. Kwa ambaye hajawahi kuucheza: timu mbili, kila moja ina watu watano, zinapigana kwenye ramani moja mpaka ngome kuu ya upande mmoja ibomoke. Ulianza kama ramani iliyotengenezwa na mashabiki ndani ya Warcraft III, kisha kampuni ya Valve ikaufanya mchezo kamili. Mashindano yake makuu, The International, yalianza mwaka 2011. Ukitaka kuelewa jinsi kikosi kinavyovunjika na kuungwa upya katika michezo hii, itazame timu ya OG.

Chanzo chake ni urafiki wa watu wawili: Johan Sundstein wa Denmaki, anayejiita N0tail (hiyo ni sifuri, si herufi, msije mkamkosa mkimtafuta), na Tal Aizik wa Israeli, anayejiita Fly. Walicheza pamoja Heroes of Newerth chini ya Fnatic, wakahamia Dota 2 pamoja. Mwaka 2014 walikuwemo katika kikosi cha kwanza cha Team Secret, wakiwa na KuroKy wa Ujerumani na s4 wa Uswidi. Shikeni majina hayo mawili, tutakutana nayo tena. Mambo ya Secret hayakudumu. Agosti 2015 wawili hao wakaanzisha timu yao, Monkey Business, ambayo miezi michache baadaye iliitwa OG. Waliwachukua Miracle- wa Jordan, Cr1t- wa Denmaki na MoonMeander wa Kanada.

Novemba 2015 wakachukua Frankfurt Major, wakiifunga Team Secret 3-1 katika fainali. Ndiyo, ile ile Secret. Juni 2016 wakachukua na Manila Major. Kisha ukaja The International wa 2016 mjini Seattle, wakaondolewa mapema na TNC ya Ufilipino, timu ambayo wengi hawakuwa wameitilia maanani. Haukupita muda, watatu wakaondoka. Miracle- alikwenda Team Liquid, na mwaka uliofuata akaushinda The International akiwa huko. Cr1t- alikwenda Evil Geniuses ya Marekani.

N0tail na Fly wakaanza upya na s4, JerAx wa Ufini na kijana wa Australia anayejiita ana. Boston Major, Desemba 2016: kombe. Kiev Major, Aprili 2017: kombe tena. Major nne ndani ya miaka miwili, lakini kila Agosti ikifika mambo yanaharibika. Mwaka 2017 waliishia nafasi ya 7-8, ana akaenda kupumzika, na msimu uliofuata ukawa mbaya kabisa.

Halafu ikafika Mei 2018. Fly na s4 waliondoka kwenda Evil Geniuses, kuungana na Cr1t-. Wachezaji kuhama ni jambo la kawaida, lakini huyu hakuwa mchezaji tu, alikuwa mwanzilishi mwenza na rafiki wa miaka. Wale wenzangu mnaoandika programu mnaijua hali hii: mradi una watu wawili wanaoufahamu kuanzia mstari wa kwanza, mmoja anafunga virago wiki chache kabla ya siku ya kukabidhi kazi.

Tena kanuni za msimu ule zilikuwa kali. Timu iliyobadilisha wachezaji baada ya muda uliowekwa haikupata mwaliko wa moja kwa moja. Ilibidi ianzie mchujo wa wazi, ambako timu yoyote hata ya mtaani inajiandikisha. OG walibaki na N0tail na JerAx. Wakamrudisha ana. Wakamchukua Topson, kijana wa Ufini ambaye hakuwa amezoea majukwaa makubwa. Nafasi ya tano wakampa kocha wao, Sébastien Debs wa Ufaransa, yaani Ceb. Kocha! Kwa haki, Evil Geniuses nao walipitia mchujo huo huo, upande wa Marekani.

Timu zote mbili zikafuzu, zikakutana Vancouver Agosti 2018. OG wakashinda 2-1. Fainali ilikuwa dhidi ya PSG.LGD ya Uchina. OG walikuwa nyuma 2-1, na mchezo wa nne ulikuwa unawaponyoka mpaka Ceb, akimchezesha shujaa anayeitwa Axe, alipowavamia wapinzani wakati ambao mtu mwenye busara angerudi nyuma. Ukageuka, na wa tano wakauchukua. Zawadi yao ilikuwa takriban dola milioni 11.2 kati ya milioni 25.5. Fedha hizo nyingi hazikutoka mfukoni mwa Valve: robo ya mauzo ya tiketi maalumu ndani ya mchezo iliingizwa kwenye mfuko wa zawadi, kwa hiyo ni mashabiki waliochanga.

Baada ya hapo ana akapumzika tena, OG wakayumba, akarudi mwaka 2019, wakasimama. Huyo kijana alikuwa na desturi yake. Agosti 2019 mjini Shanghai walifika fainali na wapinzani wakawa Team Liquid: nahodha KuroKy, na Miracle- akiwemo. OG walipoteza mchezo wa kwanza, wakashinda mitatu iliyofuata. Wakawa timu ya kwanza kuushinda The International mara mbili, tena mfululizo, na kwa watu wale wale watano. Zamu hii walipata milioni 15.6.

Januari 2020 JerAx alistaafu, na mwaka 2021 ana naye akastaafu. Mwisho wa mwaka huo N0tail na Topson wakapumzika, OG ikakabidhiwa kwa vijana wapya. Mei 2022 vijana hao walikwenda Stockholm Major bila mwenzao Misha, ambaye hakuweza kusafiri. Ceb akavaa tena jezi kuziba pengo, na wakaifunga TSM 3-1 katika fainali.