Kula si Lazima

Ukitazama michezo yangu ya chesi mtandaoni utadhani nina njaa. Hatua chache tu tangu mwanzo, nami nimeshakula askari ambaye hakuna aliyenilazimisha kumla. Tabia hiyo sikuitoa kwenye simu. Niliitoa Kondele, mtaa wa Kisumu, kwenye drafti.

Kabla ya drafti kulikuwa na ajua, mchezo wa wazee wetu wa Kijaluo: safu mbili za mashimo yaliyochongwa kwenye gogo au kuchimbwa ardhini, na mbegu za kusambaza. Babu yangu hakugusa mbegu kabla ya kujua ya mwisho itaangukia wapi. Sisi wajukuu tulichoka kumsubiri tukakimbilia drafti. Hiyo haikuhitaji gogo: kipande cha mbao kilichochorwa miraba, vifuniko vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Ilichezwa kwenye steji ya matatu, kwa fundi viatu, na ufuoni Dunga mashua zikingojewa. Watazamaji walicheza kuliko wachezaji.

Sheria yake ni moja: kula ni lazima. Ndiyo maana fundi wa drafti hukulisha. Anakutolea kifuniko kimoja, unakila kwa sababu huna ruhusa ya kukiacha, kisha anakufagia vitatu. Mkono ukilelewa hivyo miaka mingi, hauulizi tena.

Chesi ilitufikia kwa njia ndefu. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa, kasi ilianza kupanda hata huku kwetu, ambako saiba zilikuwa zikitutoza kwa dakika. Mwaka 2016 ikaja filamu ya Queen of Katwe, kuhusu Phiona Mutesi, msichana mcheza chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Wengi hapa waliitazama kwa ajili ya Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuja kuwa gavana wetu mwaka uliofuata. Lakini kilichonikalisha mimi kwenye chesi ni kafyu ya Machi 2020. Steji ilinyamaza, na kibanda changu cha kutengeneza simu kilifungwa mapema.

Nilichagua Lichess, iliyoanzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, kwa sababu ni ya bure, haina matangazo na haimalizi bando. Mgeni hupewa alama 1500 za kuanzia. Zangu ziliporomoka kama vile mawe ya Kit Mikayi yangeweza kuporomoka. Vijana wa nchi nisizozijua walinitolea askari, nikala, wakanifunga.

Mwaka huohuo wa kafyu watu walianza kuizungumzia tamthilia ya The Queen's Gambit ya Netflix. Ufunguzi uliompa mtunzi jina hilo huanza kwa mweupe kumtoa askari, na mabingwa wengi humkataa. Kumkataa! Steji ya Kondele ingekupigia kelele mpaka umle.

Siku hizi, kabla ya kula, naondoa kidole kwenye kioo na kuhesabu kwa mtindo wa babu: akila yeye, nikila mimi, ya mwisho inaangukia wapi? Alama zimepanda, ingawa kwenye michezo ya dakika tatu hesabu hainifai, mkono unarudi kuwa wa vifuniko. Michezo ya dakika kumi naimudu. Mbinu yangu bora bado ni ya drafti: namtolea mtu farasi nione kama naye alilelewa kula.