Kapenta hakuzaliwa kilindini

Kapenta, dagaa mkavu anayeliwa mjini Likasi, anatosha kwenye kiganja, lakini ukoo wake unagusa ubishi mkubwa wa zaidi ya karne moja. Mwanazoolojia Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika Ziwa Tanganyika miaka ya 1890, alidai kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale iliyozibwa na nchi kavu. Hoja yake haikuwa ya ovyo: alikuta humo yavuyavu, na konokono wenye makombe kama ya baharini. Kapenta naye, ndugu wa dagaa wa maji ya chumvi, anayeishi katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, angefaa kuwa shahidi wake: samaki wa kilindi cha bahari aliyesahaulika bara.

Ushahidi huo haukusimama. Kina hicho kirefu hakimfai kapenta, kwa sababu chini ya mita 100 hadi 200 maji ya Tanganyika hayana oksijeni. Makao yake ni tabaka la juu, na usiku hupanda kufuata chakula, ndipo wavuvi humvuta kwa taa. Makombe ya konokono hufanana kwa kuwa mazingira yalifanana, si kwa udugu, na yavuyavu wa jamii hiyohiyo wameonekana pia Ziwa Victoria. Vinasaba vinamaliza shauri: mababu wa dagaa hawa waliingia mito ya Afrika Magharibi kutoka baharini miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, kabla Tanganyika halijakuwepo. Moore alipatia chimbuko la bahari, akakosea njia.

Mtu atauliza: samaki wa maji mapana angewezaje kusafiri mtoni? Jibu liko Mto Zambezi. Mwaka 1967 na 1968 kapenta wa Tanganyika walipandikizwa Kariba, ziwa lililoundwa na bwawa kwenye mto huo. Baadaye wakateremka wenyewe kwa mto hadi ziwa la Cahora Bassa. Huku kwetu pia mito huunganisha maziwa ya dagaa: Ziwa Mweru nalo lina dagaa wake, chisense. Mweru humwaga maji katika Mto Lualaba kupitia Mto Luvua, na Tanganyika kupitia Mto Lukuga. Na Lufira, mto jirani wa Likasi, huishia Lualaba hiyohiyo. Basi kapenta sokoni Likasi si mgeni wa bahari ya mbali: ukoo wake na maji ya mji huu ni vya bonde moja.