Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Juma hili naomba tuipime methali hiyo kwa mambo yaliyotukia Nairobi tangu tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987, Kenya ilipoandaa Michezo ya Nne ya Afrika Nzima.

Michezo hiyo ilianzia Brazzaville mwaka 1965, ikaenda Lagos 1973, kisha Algiers 1978. Zamu ya Nairobi ilipofika, tarehe iliahirishwa mara kadhaa, hata miaka tisa ikapita tangu Algiers. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, haukutosha kwa shughuli kubwa namna hiyo. Ndipo ukajengwa uwanja wa Kasarani kwa msaada wa China, wenye nafasi ya watu wapatao 60,000.

Itazame vizuri tarehe ya kuanza. Tarehe 1 Agosti 1987 ilitimia miaka mitano kamili tangu jaribio la kuipindua serikali mwaka 1982. Kwa hiyo ninavyoona mimi, haikuwa michezo tu. Serikali iliyokuwa imetikiswa ilipata nafasi ya kuonyesha majirani kwamba nyumba imetulia. Mwananchi naye, ambaye hakuulizwa juu ya gharama, alipata kuiona Afrika ikimjia mlangoni.

Katika kandanda, Harambee Stars walifika fainali, wakafungwa na Misri bao 1-0 mbele ya watu wao. Yaliuma. Lakini kushindwa uwanjani si aibu. Anayecheza hushinda au hushindwa. Aibu ni kupewa ugeni ukaushindwa kabla mgeni hajafika.

Na hayo yalitupata. Kenya ilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, maandalizi yakalegea, likaenda Afrika Kusini. Ilipewa Ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, CHAN, wa mwaka 2018, viwanja havikuwa tayari, ukapelekwa Morocco. Kasarani ilikuwapo nyakati zote hizo. Kilichopungua ni matunzo, na aliyelipa ni kijana aliyenyimwa nafasi ya kucheza nyumbani.

Ilibidi tungoje hadi Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN kwa pamoja, na fainali ikachezwa pale pale Kasarani. Nchi hizo hizo tatu zilikwisha kupewa pia Kombe la Mataifa la mwaka 2027.

Basi je, mwenyeji alipona? Nasema alipona kwa siku kumi na mbili, kisha ugonjwa ukarudi. Mgeni hutufanya tufagie ua. Hawezi kutufagilia akishaondoka. Uwanja hujengwa mara moja, bali hutunzwa kila siku, hata siku ambayo hakuna bendera za kupeperushwa wala mkubwa wa kupokewa.