Jengo Linalobomoka na Watu Wasioonekana: Filamu ya Star Theatre kama Ushahidi wa Kihistoria

Filamu iitwayo Demolishing and Building Up the Star Theatre ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizouonesha mji kwa picha za vipindi, yaani fremu zinazopigwa moja moja kwa nafasi sawa za muda, kisha zikaoneshwa mfululizo ili saa nyingi zipite kwa sekunde chache. Ilipigwa New York mwaka 1901 na Frederick S. Armitage wa kampuni ya American Mutoscope and Biograph. Jengo lenyewe, lililokuwa kwenye kona ya Broadway na Mtaa wa 13, lilifunguliwa mwaka 1861 kwa jina la Wallack's Theatre. Humo ndimo mwigizaji wa Kiingereza Henry Irving alimoigiza kwa mara ya kwanza nchini Marekani, mwaka 1883. Sifa za kiufundi za filamu hii zimekwisha kuelezwa vya kutosha. Linalostahili kujadiliwa hapa ni iwapo mwanahistoria anaweza kuitumia kama ushahidi, na ushahidi wa jambo gani.

Kamera iliwekwa ng'ambo ya barabara, ikaendeshwa na mtambo wa umeme uliopiga fremu moja kila dakika 4, saa 8 kwa siku, kwa takriban siku 30. Hesabu yake ni nyepesi, lakini ina uzito. Saa moja hutoa fremu 15. Siku ya kazi hutoa 120. Mwezi mzima hautoi zaidi ya 3,600. Zikioneshwa kwa kasi ya fremu 30 kwa sekunde, siku nzima humalizika kwa sekunde 4. Usiku haumo kabisa. Muhimu zaidi, kati ya fremu na fremu kuna takriban dakika 4 ambazo hazikurekodiwa, na fibuani aliyepanda ukutani, akang'oa boriti na kushuka ndani ya muda huo hakuacha alama yoyote.

Kwa hiyo ukuta hushuka sakafu baada ya sakafu kana kwamba unayeyuka wenyewe. Wabomoaji huonekana kama vidoa vinavyorukaruka: kila mmoja yupo katika fremu moja, katika inayofuata hayupo. Hapa ndipo tafsiri inapohitaji tahadhari. Filamu ni shahidi mwaminifu wa kupungua kwa jengo, lakini ni shahidi dhaifu sana wa kazi iliyolipunguza. Anayeitumia kueleza kasi ya ujenzi mpya wa miji ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 ana hatari ya kuichukua kasi ya mtambo kuwa kasi ya mikono ya watu. Jina la filamu nalo linazidisha utata, kwani mwonyeshaji aliweza kuipitisha kinyumenyume, jumba likainuka kutoka katika vifusi vyake. Burudani hiyo haikuwa na madhara, ila inafichua kwamba katika picha za namna hii mfanyakazi si wa lazima: filamu inaeleweka vilevile akiwa anabomoa au anajenga.

Upungufu huu haukuanza na Armitage. Picha ya Boulevard du Temple iliyopigwa na Louis Daguerre mjini Paris mwaka 1838 ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na waliokuwa wakitembea walitoweka wote. Akabaki mtu mmoja aliyesimama, inavyodhaniwa, kung'arishiwa viatu. Katika picha zote mbili kinachodumu ni kile kisichosogea.

Haipalapsi, ambayo programu ya Instagram yenye jina hilo iliieneza kwenye simu mwaka 2014, inaonekana kuvunja kanuni hii kwa sababu kamera yenyewe husafiri. Kwa kweli imeihamisha tu. Katika utaratibu wake wa mikono, mpigapicha husogea hatua chache kila baada ya fremu, lakini huielekeza lenzi kwenye nukta ileile ya mandhari, na kompyuta hutumia nukta hiyo baadaye kutuliza mtikisiko. Nukta hiyo kwa kawaida ni mnara au jengo mashuhuri. Ni nadra kuwa mchuuzi, kwa kuwa mchuuzi huhama.